Kaimu wa miaka miwili: kiti cha mkuu wa mdhibiti kinapokaa wazi

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwenye kituo anatafuta bei ya wilaya yake, dereva wa bodaboda anatazama petroli imepanda shilingi ngapi, basi. Ni wachache wanaoshuka hadi chini kuona tangazo limesainiwa na nani. Aliyefanya hivyo kati ya 2017 na 2021 alikutana mara kwa mara na maneno "Kaimu Mkurugenzi Mkuu". Walipita makaimu zaidi ya mmoja, wakiwamo Nzinyangwa Mchany na Godfrey Chibulunje, na bei ziliendelea kutoka.

Ndiyo maana habari za ukaimu husomwa kama mambo ya ndani ya ofisi, ya maofisa utumishi na mafaili yao. Bei imetoka, leseni zinatolewa, faini zinatozwa. Aliyesaini awe kaimu au asiwe, mwananchi inamhusu nini?

Inamhusu, ila si kwa sababu inayotajwa sana mitandaoni, kwamba makaimu hawaijui kazi. Kaimu wa mamlaka ya udhibiti mara nyingi ni mtu wa ndani, mkurugenzi wa sheria au wa ufundi mwenye miaka mingi kazini, na anaweza kuijua kazi kuliko huyo atakayeletwa kumpokea kiti. Kasoro iko kwenye barua yake. Ni barua inayoweza kufutwa kwa barua nyingine ya mistari mitatu isiyotaja sababu, na anayeweza kuiandika hiyo ya pili ni yule yule ambaye mdhibiti anatakiwa awe na ubavu wa kumwambia hapana.

Tuangalie mdhibiti anamdhibiti nani. TANESCO, shirika la umeme, ni mali ya serikali, na ikitaka kupandisha bei ya umeme hupeleka maombi EWURA. Kwenye simu, TTCL ni ya serikali, Airtel Tanzania serikali ina hisa, na zote ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kenya nako serikali imekuwa mwanahisa mkubwa wa Safaricom, kampuni inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa hiyo mdhibiti hawi mwamuzi kati ya mfanyabiashara na mteja peke yao. Mara nyingi mmoja wa wanaosubiri uamuzi ni bosi wa bosi wake.

Mwishoni mwa Desemba 2016 jambo hili lilionekana waziwazi. TANESCO ilikuwa imeomba nyongeza ya zaidi ya asilimia 18. EWURA ikasikiliza maoni ya wadau, ikapiga hesabu zake, ikaruhusu takribani asilimia 8.5 kuanzia Januari Mosi 2017. Kabla mwaka haujageuka waziri wa nishati alishasimamisha nyongeza hiyo, na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Mtu anaweza kukubaliana na Rais kwamba umeme ulikuwa ghali tayari. Lakini wakati ule EWURA ilikuwa na mkurugenzi mkuu kamili, na bado uamuzi wake haukuishi hata wiki. Aliyekaimu angekuwa na sababu nyingi zaidi za kuuliza kwanza wakubwa wanataka nini, kisha ndipo apige hesabu.

Hapa kuna mambo matatu ambayo magazeti huyachanganya. Kwanza, mkuu yupo kazini lakini amekasimu sehemu ya madaraka yake kwa wa chini yake: asaini leseni za kiwango fulani, aidhinishe malipo ya kiasi fulani. Pili, mkuu amesafiri au yuko likizo, na mwenzake anashikilia ofisi mpaka arudi. Haya mawili ni ya kila siku na hayana shida. La tatu ndilo letu: kiti hakina mwenyewe. Amestaafu, mkataba umeisha, ametumbuliwa, au amefariki, na mtu anawekwa kukikalia mpaka apatikane wa kudumu.

Kwa hali hiyo ya tatu sheria za nchi zetu haziko kimya. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za Tanzania zinasema mtumishi asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita, na ukaimu wa namna hiyo unahitaji kibali. Kenya imeliweka kwenye sheria yenyewe ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017, kifungu cha 34: ukaimu usipungue siku 30 na usizidi miezi sita, na anayekaimu awe na sifa zote za cheo hicho. Hilo la sifa lina uzito kuliko linavyoonekana, maana linaziba njia ya kumpitisha mlango wa nyuma mtu ambaye usaili ungemkataa. Asiye na sifa kamili, Kenya, hupewa majukumu maalumu tu, na posho yake ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi badala ya ile 20 ya anayekaimu. Tanzania posho ya kukaimu huhesabiwa kwa tofauti kati ya mshahara wa mtumishi na ule wa cheo anachokikaimu.

Posho hiyo isipuuzwe. Kila mwezi inamkumbusha kaimu kwamba anapata kitu ambacho kesho anaweza asikipate. Mkurugenzi mwenye mkataba wa miaka mitano anajua akimuudhi mtu leo, mshahara wa mwezi ujao utaingia. Kaimu hajui, na juu ya hapo ana hamu ya kuthibitishwa, hamu ambayo ni ya haki kabisa kwa binadamu yeyote. Basi ana mambo mawili yanayomvuta upande mmoja, woga wa kurudishwa na tamaa ya kupandishwa.

Miezi sita ikiisha je? Hapa ndipo penye pengo. Kanuni inasema muda usizidi. Haisemi kwamba siku moja baada ya miezi sita saini ya kaimu haina nguvu. Kwa hiyo muda unaisha, barua nyingine ya kuongeza inaandikwa, au haiandikwi kabisa, na maisha yanaendelea. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikiibua suala la watumishi wanaokaimu kupita muda mwaka baada ya mwaka, na majibu ya taasisi yanafanana: tumeshaandika kwa mamlaka ya uteuzi, tunasubiri.

Na mara nyingi ni kweli wanasubiri. Si kila ukaimu mrefu ni hila. Kumpata mkuu wa mamlaka kuna hatua zake: nafasi itangazwe, wasailiwe, majina yapelekwe, ufanyike upekuzi, kisha faili lipande mpaka kwa mteuzi, ambaye juu ya meza yake kuna majaji, mabalozi, makatibu wakuu na wakuu wa mikoa. Kuna wakati hata wa kuanzisha mchakato hayupo. Aprili 2016 TCRA ilipoteza mkurugenzi mkuu wake na bodi yake pia ikavunjwa. Mhandisi James Kilaba akakaimu, na baadaye akathibitishwa. Fikiria hali hiyo: kaimu hana bodi ya kumsimamia wala ya kumkinga, mawasiliano yake yote ni moja kwa moja na serikali.

Lakini tusijifanye watoto. Ukaimu mrefu una raha yake kwa anayeteua. Anampima mtu bila kujifunga mkataba, na akimchoka halazimiki kueleza kosa wala kulipa fidia. Hata mhimili wa mahakama ulionja hili: Profesa Ibrahim Juma aliwekwa Kaimu Jaji Mkuu Januari 2017 na akaapishwa kuwa Jaji Mkuu Septemba mwaka huo, na katikati hapo mawakili walihoji sana kama Katiba ilikusudia jaji mkuu wa majaribio. Mimi naona swali lile lilistahili kuulizwa kwa sauti hiyo hiyo kwa kila mdhibiti, kwa kuwa naye ni mwamuzi.

Kenya wamelipitia kwa urefu zaidi. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano, Francis Wangusi, alimaliza muda wake Agosti 2019. Mercy Wanjau, aliyekuwa mkurugenzi wa huduma za sheria, akakaimu. Sheria ya miezi sita ilikuwa ina miaka miwili tu tangu itungwe. Alikaimu mpaka Ezra Chiloba alipoingia Oktoba 2021, zaidi ya miaka miwili baadaye. Katika muda huo ulikuja ugonjwa wa UVIKO-19, shule zikafungwa, na intaneti ikawa njia ya kazi na masomo kwa nchi nzima. Sijasikia mtu mwenye akili akidai kwamba Wanjau hakuiweza kazi, na baadaye aliteuliwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Ndiyo hoja yenyewe: kama alifaa kukaa miaka miwili, alifaa kupewa mkataba na ulinzi wake, na kama hakufaa, miezi sita ilitosha. Chiloba naye aliondoka 2023, Christopher Wambua akakaimu, mpaka alipokuja David Mugonyi 2024.

Mtu atasema: basi ukaimu upigwe marufuku, kiti kikiwa wazi kibaki wazi. Marekani wanayo mifano ya hilo, na haipendezi. Tume yao inayodhibiti nishati, FERC, huendeshwa na makamishna watano, na sheria yao ya ukaimu haigusi wajumbe wa tume huru za namna hiyo. Kamishna akiondoka, hawekwi kaimu. Waliobaki wanaendelea, ilimradi akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wa kufanya uamuzi, itimie. Februari 2017 walibaki wawili na akidi ikavunjika. Mpaka Agosti tume haikuweza kuidhinisha miradi mikubwa ya mabomba ya gesi. Miezi sita ya wataalamu kwenda kazini kila asubuhi bila mtu wa kupiga kura. Ukaimu upo kwa sababu hii, na ni sababu nzuri.

Pale ambapo mdhibiti wa Marekani ana mkuu mmoja, hadithi ni nyingine, na inayofundisha zaidi ni ya ofisi inayolinda wateja wa mabenki na wakopeshaji, CFPB. Iliundwa kwa sheria ya 2010, baada ya mdororo wa mikopo ya nyumba. Mkurugenzi wake alipewa miaka mitano na ulinzi dhidi ya kufukuzwa ovyo. Sheria ile ile ikasema mkurugenzi asipokuwepo, naibu wake ndiye atakaimu. Ijumaa ya Novemba 24, 2017, mkurugenzi Richard Cordray alijiuzulu, na kabla ya kutoka akamtaja mkuu wa watumishi wa ofisi yake, Leandra English, kuwa naibu mkurugenzi. Hesabu ilikuwa rahisi: yeye akitoka, English anakaimu.

Jioni hiyo hiyo Rais Trump akamteua Mick Mulvaney, mkurugenzi wa bajeti wa Ikulu, kukaimu nafasi hiyo hiyo. Alitumia sheria ya jumla ya 1998 inayohusu nafasi zilizo wazi serikalini, inayomruhusu rais kumweka mtu ambaye tayari ameidhinishwa na Seneti kwa cheo kingine. Sheria mbili, makaimu wawili. Jumapili English akafungua kesi. Jumatatu asubuhi Mulvaney alifika ofisini na mfuko wa donati. English alishawaandikia watumishi barua pepe ya kuwakaribisha kazini, akisaini kama kaimu mkurugenzi. Mulvaney naye akawaandikia, akisaini kwa cheo hicho hicho, wapuuze maelekezo ya English, na wakipenda wapande ghorofa ya nne wakachukue donati. Mwanasheria mkuu wa ofisi alishawaelekeza wamfuate Mulvaney. Jumanne jaji Timothy Kelly akakataa kumzuia Mulvaney, na Januari akakataa tena. English aliachana na kesi Julai 2018.

Donati zilichukua vichwa vya habari. Kwangu kilicho kizito zaidi ni alichofanya kaimu yule. Siku ya kwanza alisimamisha kuajiri na kutoa kanuni mpya kwa siku 30. Januari akatangaza kwamba kanuni ya kuwabana wakopeshaji wa mikopo ya muda mfupi inayolipwa siku ya mshahara, iliyotungwa miezi michache nyuma, itaangaliwa upya. Mwezi huo huo aliandika kwa benki kuu, inayoigharamia ofisi hiyo, kuomba fedha za robo mwaka: dola sifuri. Akasema akiba iliyopo itatosha. Haya si mambo ya mtu anayeshikilia funguo mpaka mwenye nyumba arudi. Na muda wote huo alibaki mkurugenzi wa bajeti Ikulu, yaani mdhibiti huru aliongozwa na ofisa wa rais mwenye kofia mbili.

Sheria yao inaweka siku 210. Inafurahisha kuifuata historia ya namba hiyo: 1868 ilikuwa siku 10, 1891 ikawa 30, 1988 ikawa 120, 1998 ikafika 210. Kila ilipofunguliwa, muda uliongezeka. Na ina mlango mwingine: rais akipeleka jina la mtu wa kudumu Seneti, kaimu anaendelea wakati jina linajadiliwa. Siku za Mulvaney zilikuwa zinakwisha mwishoni mwa Juni 2018. Jina la Kathy Kraninger likapelekwa Juni 20. Seneti ilimpitisha Desemba kwa kura 50 dhidi ya 49, na Mulvaney akawa amekaimu zaidi ya mwaka mmoja bila kuvunja sheria hata siku moja. Mchezo ulirudiwa. Russell Vought, naye mkurugenzi wa bajeti, alianza kukaimu CFPB Februari 2025, na Novemba jina la mtu mwingine lilipopelekwa Seneti, Vought akaendelea kukaa.

Tofauti yao na sisi ni kwamba muda ukipita kweli, kuna kinachotokea. Jambo ambalo sheria inamtaka mkuu wa ofisi peke yake alifanye, likifanywa na kaimu asiye halali, halina nguvu, na mtu mwingine hawezi kulibariki baadaye. Na mahakama haziogopi kutengua. Mwanasheria mkuu wa bodi inayosimamia mahusiano ya kazi, Lafe Solomon, alianza kukaimu Juni 2010, kisha Januari 2011 rais akapeleka jina lake Seneti kwa cheo hicho hicho. Kampuni ya magari ya wagonjwa ya Arizona, iliyoshtakiwa chini yake kwa kuacha kulipa bonasi ya watumishi wa muda mrefu, ikasema: huyu hakuruhusiwa kuwa kaimu na mteule kwa wakati mmoja. Machi 2017 Mahakama ya Juu ilikubaliana nayo, majaji sita dhidi ya wawili. Watumishi waliodai bonasi ndio walioumia, si aliyekosea kuteua.

Mbinu mpya haikuchelewa. Siku 210 zikiisha, taasisi nyingi za Marekani huondoa tu neno "kaimu" mlangoni na kuandika "ofisa anayetekeleza majukumu ya mkurugenzi". Mtu ni yule yule, kiti kile kile, ila sasa anadai anatumia madaraka aliyokasimiwa. Ndiyo maana tofauti ya kukasimu na kukaimu si ya kupuuza.

Kwetu upepo unavuma upande mwingine. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inamruhusu mwenye madaraka ya kuteua ateue pia wa kukaimu, na mahakama zilizorithi sheria za Kiingereza huelekea kuyalinda matendo ya mtu aliyekuwa akionekana na wote kuwa ndiye mwenye ofisi. Ni busara, maana bila hivyo leseni za redio na bei za mafuta za miaka kadhaa zingeweza kuyumba kwa kasoro ya barua moja. Ubaya wake ni kwamba mteuzi anayechelewa hagharamiki chochote. Kama ningeombwa kupendekeza, nisingegusa saini zilizokwisha kutolewa. Ningetaka baada ya miezi sita kaimu asiweze kutunga kanuni mpya wala kupanga bei mpya bila kura ya bodi iliyotimia, na mamlaka ya uteuzi iandikie Bunge kueleza kilichokwama. Mambo ya kila siku yangeendelea. Makubwa ndiyo yangesubiri, na wafanyabiashara wakubwa wakisubiri hupiga kelele, kelele ambazo huharakisha mafaili.

Kwa sasa, tangazo la "ameteuliwa kukaimu" likikufikia, isome barua yenyewe kama imewekwa wazi. Angalia imesainiwa na nani: aliyepewa na sheria ya mamlaka hiyo madaraka ya kuteua mkuu, au ofisa mwingine aliyejitwika. Angalia kama kaimu ameachia cheo chake cha zamani au atakuwa akijiandikia dokezo asubuhi na kuliidhinisha mchana. Uliza kama nafasi imetangazwa, na kama bodi ipo na akidi yake inatimia. Kisha hesabu miezi sita kuanzia tarehe ya barua. Tarehe ya habari gazetini isikuhadae, kwani barua nyingi hutangulia habari kwa wiki kadhaa.